Wahadhiri Wakikosa Muda wa Kukaa Pamoja, Mwanafunzi Ndiye Huumia

Ukitazama ratiba ya mhadhiri wa chuo kikuu, unaweza kudhani ana nafasi tele: vipindi vichache kwa wiki, basi. Ratiba hiyo haionyeshi kuandaa masomo, kusahihisha mitihani ya mamia ya wanafunzi, kusimamia tasnifu, kukagua walio kwenye mafunzo kwa vitendo, wala utafiti na machapisho yanayotazamwa anapoomba kupanda cheo. Katika mbanano huo, jambo la kwanza kuachwa ni kukaa na wenzake.

Athari zake humfikia mwanafunzi. Anaweza kufundishwa mbinu za utafiti katika kozi mbili, kila mhadhiri kwa namna yake, kisha msimamizi wa tasnifu akamwambia aanze upya. Mada nyingine haifundishwi kabisa, kwa kuwa kila mmoja alidhani mwenzake ameimaliza.

Je, vikao vya idara havitoshi? Vikao vipo, ila muda mwingi huishia kwenye taarifa na matangazo. Ushirikiano tunaouzungumzia hapa ni wahadhiri wawili watatu kuweka kazi moja mezani, iwe muhtasari wa kozi, mtihani au andiko la utafiti, na kuifanya hadi iishe.

Matunda yake tunayaona. Mwaka 1969, wanahistoria Isaria Kimambo na Arnold Temu walihariri kitabu cha historia ya Tanzania ambacho sura zake ziliandikwa na wataalamu mbalimbali. Mwaka 1981, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ambayo hata sisi watangazaji huifungua tukibishana juu ya neno. Inabeba jina la taasisi, kwani ni kazi ya wengi. Kazi za namna hiyo hazifanyiki kwa dakika za kuibia kati ya kipindi na kipindi.

Kwa hiyo muda upatikane vipi? Mambo matatu husaidia.

Kwanza, mkuu wa idara atenge saa moja au mbili za pamoja kwa wiki kabla ratiba ya muhula haijatoka, na saa hizo zilindwe kama kipindi cha darasani. Wahadhiri wa muda, wanaofundisha zaidi ya chuo kimoja, waulizwe mapema siku wanazopatikana.

Pili, taarifa za kawaida zitumwe kwa maandishi, kikao kibaki kwa mambo yanayohitaji majadiliano.

Tatu, saa hizo zihesabiwe kwenye mzigo wa kazi wa mhadhiri. Zikibaki kuwa hisani, wiki ya mitihani itazimeza.

Mwanafunzi au mzazi naye ana swali la kuuliza chuoni: wanaofundisha kozi hii hukutana lini?