Beji na Utepe wa Wanamaji wa Nyambizi za Ujerumani Baada ya Vita

Sare ya mwanamaji wa nyambizi, yaani manowari inayosafiri chini ya maji, ina vitu viwili vidogo vinavyobeba historia nzito: beji ya chuma inayobanwa kifuani na utepe mweusi unaozungushwa kwenye kofia. Nchini Ujerumani vitu hivyo vinastahili kuchunguzwa kwa makini zaidi, hasa vile vilivyotengenezwa baada ya mwaka 1945, kwa sababu vinaonyesha jinsi Ujerumani Magharibi ilivyoamua, ilipoanza kuunda jeshi jipya la majini, ni yapi ya wanamaji wa zamani yaliyofaa kurithiwa na ni yapi yasiyostahili kuonekana tena juu ya sare ya askari.

Beji ya kwanza ya aina hii ilianzishwa na Kaiser Wilhelm II mwezi Februari 1918, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuwa vinaelekea ukingoni. Ilikuwa na umbo la yai, shada la majani likiizunguka nyambizi iliyoelekeza omo yake upande wa kushoto wa mtazamaji, na juu ya shada hilo likawekwa taji la kifalme. Ilipofika Oktoba 1939, utawala wa Adolf Hitler uliirudisha beji hiyo kwa sura ileile, isipokuwa mahali pa taji palikaa tai aliyeshika swastika, msalaba uliopindwa ncha ambao ulikuwa nembo ya chama cha Nazi. Kanuni ya kawaida ilikuwa kwamba baharia huipata baada ya kumaliza doria mbili dhidi ya adui. Doria mbili zinaweza kuonekana kuwa chache, lakini kati ya wanaume takriban 40,000 waliohudumu katika nyambizi za Ujerumani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wapatao 30,000 walikufa, na majina yao yamechorwa kwenye mabamba ya mnara wa kumbukumbu wa Möltenort, karibu na mji wa Kiel.

Walionusurika walibaki na beji ambazo hawakuweza kuzivaa. Suala hilo lilitatuliwa na sheria ya tarehe 26 Julai 1957 kuhusu vyeo vya heshima, nishani na alama za sifa, ambayo iliruhusu nishani za wakati wa vita zivaliwe kwa sharti kwamba alama za Kinazi ziwe zimeondolewa, na hivyo viwanda vikaanza kutengeneza upya nishani hizo bila swastika. Sheria hiyo iliwagusa pia watu waliorudi jeshini, kwa maana makamanda mashuhuri wa nyambizi kama Otto Kretschmer na Erich Topp walijiunga na Bundesmarine, kama lilivyoitwa jeshi la majini la Ujerumani Magharibi, wakafikia vyeo vya uadmirali. Ulikuwa uamuzi wa haki kwa mzee aliyetaka kukumbukwa kwa ushujaa wake, ingawa kuondoa alama kwenye chuma hakukuondoa ukweli kwamba ushujaa huo ulitumikia utawala wa kikatili.

Bundesmarine lenyewe lilianza na mabaki, kwani nyambizi zake mbili za kwanza, Hai na Hecht, zilikuwa za wakati wa vita, zikaibuliwa kutoka chini ya bahari mwaka 1956 na kuingizwa kazini mwaka uliofuata. Hai ilizama katika Bahari ya Kaskazini mwezi Septemba 1966, na kati ya watu 20 waliokuwa ndani alipona mmoja tu. Msiba huo, uliotokea wakati wa amani kabisa, unaeleza vizuri kuliko kanuni yoyote kwa nini kazi ya nyambizi inastahili alama yake hata pasipo adui. Beji ya siku hizi haihesabu doria za vita, bali huthibitisha kwamba mhusika amefunzwa, amefuzu na anaendelea kuhudumu, na ngazi zake za shaba nyeusi, fedha na dhahabu hupandwa kadiri uzoefu unavyoongezeka. Tena huvaliwa upande wa kulia wa kifua, ilhali ile ya vita ilivaliwa kushoto.

Utepe una simulizi yake. Huzungushwa kwenye kofia ya duara isiyo na kepu, inayovaliwa na wanamaji wa vyeo vya chini, herufi za dhahabu zikikaa juu ya paji la uso na ncha mbili zikining’inia kisogoni. Zama za Kaiser utepe ulitaja meli, kwa hiyo wanamaji wa Königsberg, manowari iliyoangamia katika delta ya Rufiji mwezi Julai 1915, walibeba jina la meli yao vichwani. Vita vya Pili vilipoanza, majina hayo yaliondolewa ili adui asijue ni meli gani imetia nanga bandarini, na tepe zote zikaandikwa neno moja tu, Kriegsmarine. Bundesmarine lilirudisha majina, lakini kwa kuwa nyambizi zake nyingi zilipewa namba tu, na kwa kawaida zilikuwa na wanamaji wapatao 22, utepe ulitaja kikosi kizima, kwa mfano 1. Ubootgeschwader, yaani Kikosi cha Kwanza cha Nyambizi, kilichoundwa Kiel mwaka 1961 na ambacho sasa kiko Eckernförde. Upande wa Ujerumani Mashariki, ambako hakukuwa na nyambizi zilizoingia kazini, tepe ziliandikwa Volksmarine, Jeshi la Majini la Umma, hadi nchi hizo mbili zilipoungana mwaka 1990.

Msomaji atakayeikuta beji ya shada la zamani katika jumba la makumbusho au mnadani na aanze kutazama sehemu ya juu: taji ni la mwaka 1918, tai mwenye swastika ni wa miaka ya vita, na pasipo swastika wala taji kuna uwezekano mkubwa kwamba imetengenezwa kwa kufuata sheria ya 1957. Ile yenye swastika, hadi leo, kuivaa hadharani nchini Ujerumani ni kosa la jinai, ingawa kuionyesha kwa ajili ya elimu, utafiti au historia kunaruhusiwa.