Gazeti hujengwa na wasomaji wake: mfano wa Tanga na Usambara

Mafanikio ya gazeti au jarida hupimwa kwa mambo mawili: wingi wa watu wanaolingoja toleo lijalo, na muda ambao maandishi yake huendelea kutumika baada ya toleo lenyewe kupita. Eneo la Tanga, kuanzia pwani hadi milima ya Usambara, linafaa kuchunguzwa kwa jambo hilo. Tangu miaka ya 1890 hadi Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, machapisho kadhaa yalitoka huko, kila moja likiwa na mwenyewe, lugha yake na wasomaji wake. Wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, waliokaa Magila, chini ya Usambara Mashariki, walitoa Habari za Mwezi. Shule ya serikali ya Wajerumani mjini Tanga ilianza kutoa Kiongozi mwaka 1904. Walowezi nao walikuwa na Usambara-Post, gazeti la Kijerumani lililobeba jina la milima ingawa lilitoka Tanga mjini.

Sharti la kwanza la mafanikio hayo ni kumjua msomaji. Wasomaji wa Usambara-Post walikuwa wachache, lakini gazeti liliwajua vizuri: wenye mashamba ya kahawa, mkonge na mpira, ambao daima walitaka habari za bei, vibarua, ardhi na reli. Reli hiyo ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, na kufikia 1905 ilikuwa imefika Mombo, kituo cha kushukia kwa msafiri wa Wilhelmstal, yaani Lushoto ya leo. Albrecht von Rechenberg, gavana wa 1906 hadi 1912, alipotilia mkazo kilimo cha Waafrika badala ya kuwaridhisha walowezi, gazeti lilimpinga waziwazi. Msimamo huo ulikuwa wa upande mmoja, nao ndio uliolifunga kwa wasomaji wake. Kiongozi kilikuwa na watu wengine kabisa: walimu, makarani, maakida na wanafunzi waliopitia shule za serikali. Hao walijua kusoma herufi za Kirumi, walikuwa wametawanyika katika vituo vya mbali, na walitaka kujua yaliyowapata wenzao.

Sharti la pili ni lugha. Kama Kiongozi kingeandikwa kwa Kijerumani, kingesomwa na wakubwa wa ofisini tu. Kama kingeandikwa kwa Kishambaa au Kibondei, kisingevuka mto Pangani. Kiswahili kilikifikisha kwa karani wa pwani na kwa mwalimu wa bara kwa nakala ile ile. Tena nakala moja haikuishia kwa mtu mmoja, kwa kuwa aliyejua kusoma aliwasomea wasiojua. Mwandishi anayeandikia hadhira ya namna hiyo hulazimika kutumia sentensi zinazoeleweka zikisikika mara moja tu.

Sharti la tatu, lenye uzito kuliko yote, ni wasomaji kuwa waandishi. Utaratibu huu ulionekana mapema katika Msimulizi, jarida lililoanzishwa Zanzibar mwaka 1888 kwenye shule ya UMCA ya Kiungani. Vijana waliomaliza masomo na kupelekwa vituo vya bara, Magila kikiwa kimojawapo, walituma barua kueleza habari za huko, na barua hizo zikawa sehemu kubwa ya jarida. Kiongozi nacho kilipokea habari za wilaya na mashairi kutoka kwa wasomaji wake. Faida zake ni tatu. Mhariri hupata habari ambazo asingeweza kuzifuata mwenyewe kwa miguu. Aliyeandika hulitafuta toleo linalofuata ili aone kama barua yake imetoka. Na jamaa zake wote, hata wasiojali mambo ya serikali au misheni, hupata sababu ya kulisoma.

Sharti la nne ni kutoka kwa wakati. Chapisho la kila mwezi ni kama gulio: watu hukusanyika kwa sababu siku yake inajulikana, na likikosekana mara mbili tatu huzoea kwenda kwingine. Hapo ndipo wengi hushindwa. Toleo la kwanza hubebwa na ari, ila la kumi na mbili huhitaji akiba ya makala, karatasi, mtambo unaofanya kazi na njia ya kusafirisha. Tanga ilijaliwa kuwa na bandari, posta na reli, na shule ya serikali ilikuwa na mtambo wake wa uchapaji.

Sharti la tano ni kuwa na jambo la kusema ambalo halipatikani kwingine. Mfano bora hapa ni Habari za Wakilindi, kazi ya Abdallah bin Hemedi juu ya ukoo wa kifalme wa Washambaa. Alitoka pwani akaishi Mazinde kwa Semboja, mmoja wa watoto wa Mfalme Kimweri ye Nyumbai, na baadaye akawa na cheo katika utawala wa Wajerumani Tanga. Alikusanya masimulizi kuanzia Mbega, mwindaji aliyetoka Ngulu na kuwa mfalme wa Washambaa, hadi vita vya kugombea Vuga, mji mkuu wa ufalme huo, vilivyofuata kifo cha Kimweri. UMCA iliichapisha kazi hiyo kwa sehemu, na mwaka 1962 East African Literature Bureau ikaitoa ikiwa kitabu kimoja, chini ya uhariri wa J. W. T. Allen. Mwanahistoria Steven Feierman aliitegemea pia katika utafiti wake juu ya ufalme wa Washambaa, uliochapishwa mwaka 1974. Mwandishi aliandika aliyoyashuhudia na aliyoyasikia kwa wenyewe, kwa kirefu, bila kuharakisha. Kwa sababu hiyo kazi yake imedumu kuliko habari nyingi za kila mwezi za wakati wake.

Masharti hayo yote hayatoshi iwapo chapisho lina tegemeo moja tu. Kiongozi kilitegemea serikali ya Wajerumani, na Usambara-Post lilitegemea walowezi waliolindwa na serikali hiyo hiyo. Waingereza walipoiteka Tanga mwaka 1916, yote mawili yalikuwa yamefikia mwisho. Hata hivyo desturi ya kusoma na kuchangia haikufa pamoja nayo. Mambo Leo ilipoanza Dar es Salaam mwaka 1923, chini ya idara ya elimu ya Waingereza, iliwakuta watu waliokwisha kuzoea kutuma barua na mashairi gazetini. Miongoni mwa washairi walioandika humo ni Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909.

Anayetaka kuanzisha chapisho leo, liwe la karatasi au la mtandaoni, ana vyombo vya bei nafuu kuliko mhariri wa 1904, lakini masharti hayajabadilika. Amtaje msomaji wake kabla ya kuandika neno la kwanza, atumie lugha ya msomaji huyo, atoe kwa siku aliyoahidi, asitegemee mfuko mmoja, na aache nafasi kubwa kwa wasomaji kuandika. Asiyeweza kutimiza hilo la mwisho atapata wapitaji, lakini hatapata wasomaji wa kudumu.