Tupige picha na upande wa nyuma

Februari 2015, kundi la Dola ya Kiislamu lilisambaza video ya wapiganaji wake wakivunja sanamu za kale kwa nyundo katika makumbusho ya Mosul, Iraki. Haukupita muda, watafiti wawili, Matthew Vincent na Chance Coughenour, wakauomba umma utume picha zozote zilizowahi kupigwa humo. Kwa picha hizo za kuokoteza, sanamu ya simba wa Mosul ikaonekana tena, safari hii kwenye skrini, unaweza kuigeuza upande wowote.

Ufundi huu ni fotogrametria. Programu hutafuta alama ileile katika picha kadhaa, ikakokotoa kamera ilisimama wapi, kisha ikajua alama iko umbali gani, kama macho mawili yanavyokadiria embe lililo mtini. Hesabu hiyo ikirudiwa kwa nukta nyingi mno, umbo hujengeka. Kompyuta ya kawaida huelemewa, ndiyo maana huduma za wingu zimewafaa wengi: unapakia picha, seva za mbali zinafanya kazi, unaletewa modeli ya pande tatu.

Upigaji picha ndio wenye jasho. Zunguka kitu chote, kila picha irudie sehemu kubwa ya iliyotangulia. Siku ya mawingu ni bora, maana vivuli vikali havipo. Vioo na kuta nyeupe tupu huivuruga programu. Weka na rula pembeni, kwani picha peke yake hazitaji vipimo.

Ila wingu si ghala. Huduma ya 123D Catch ya kampuni ya Autodesk iliwavutia wengi kwenye kazi hii, na kufikia 2017 ilikuwa imefungwa. Pakua modeli yako, na picha za asili uzitunze mahali pawili. Hizo ndizo mali hasa, kwa sababu programu ya kesho itazitumia vizuri zaidi.

Nayasema haya nikiifikiria Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa 1883 enzi za Seyyid Barghash, ambayo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Jengo maarufu kama lile halikosi wapiga picha, angalau kwa mbele. Nyumba za kale za Pangani na misikiti midogo ya mwambao ina nani? Mwalimu wa historia mwenye simu anaweza kwenda na wanafunzi wake Jumamosi hii, wakiisha kupewa ruhusa na wenyewe, na waanzie uani.