Umbali na muda wa safari ya ndege kati ya Mwanza na Bukoba

Umbali kati ya Uwanja wa Ndege wa Mwanza (MWZ) na Uwanja wa Ndege wa Bukoba (BKB), kaskazini-magharibi mwa Tanzania, ni takriban kilomita 175 kwa mstari ulionyooka. Sehemu kubwa ya njia hiyo hupita juu ya Ziwa Viktoria. Kwa kawaida safari ya ndege huchukua kati ya dakika 40 na 50.

Jinsi ya kukokotoa umbali

Uwanja wa Mwanza uko kwenye latitudo 2°27′ Kusini na longitudo 32°56′ Mashariki. Ule wa Bukoba uko kwenye 1°20′ Kusini na 31°49′ Mashariki. Tofauti ya latitudo ni 1°07′, na ya longitudo pia ni 1°07′, yaani dakika 67 za nyuzi kila upande. (Dakika hizi ni sehemu za nyuzi, si za saa: nyuzi moja ina dakika 60.)

Dakika moja ya latitudo ni sawa na maili moja ya baharini, yaani kilomita 1.852. Karibu na ikweta dakika moja ya longitudo ina urefu unaokaribia sana huo. Hivyo Bukoba iko takriban kilomita 124 kaskazini na kilomita 124 magharibi mwa Mwanza. Kwa kanuni ya Pythagoras, kipeo cha pili cha 124 kikijumlishwa na kipeo cha pili cha 124 ni 30,752, na kipeuo chake cha pili ni kama 175. Kwa kuwa pande hizo mbili zinalingana, rubani anayetoka Mwanza huelekea kaskazini-magharibi kamili.

Muda wa safari

Ndege aina ya ATR 42 huweza kwenda kasi ya takriban kilomita 550 kwa saa ikiwa angani. Kwa kasi hiyo kilomita 175 zingemalizika kwa dakika 19 tu. Lakini muda wa ratiba hujumuisha pia kutembea ardhini kabla ya kupaa, kupanda juu, kupunguza mwendo, kushuka na kutua. Katika safari fupi hivi ndege huanza kushuka muda mfupi baada ya kufika juu. Kwa dakika 45, wastani wa mwendo ni kilomita 233 kwa saa.

Hali ya hewa nayo huweza kuongeza muda. Uwanja wa Bukoba uko ufukweni mwa ziwa, na mvua au ukungu huweza kumlazimu rubani kuzunguka akisubiri, au kurudi. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani ilipokaribia kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Kati ya watu 43 waliokuwemo, 19 walifariki.

Kulinganisha na njia nyingine

Barabara hulizunguka ziwa upande wa kusini na magharibi kupitia Sengerema, Geita na Muleba. Urefu wake ni zaidi ya kilomita 400, yaani zaidi ya mara mbili ya njia ya angani. Zamani wasafiri walingoja kivuko kati ya Kigongo na Busisi; tangu Juni 2025 hupita juu ya daraja lenye urefu wa kilomita 3 hivi.

Kwa meli, safari huchukua usiku mzima. Ni katika njia hiyo MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, na mamia ya watu walipoteza maisha.