Mteja Amekanseli? Usifute Miadi Haraka

Jumamosi asubuhi. Msusi ameshapanga viti, halafu mteja wa saa tatu anatuma ujumbe: "Siz, leo sitaweza." Huyo mteja alikuwa ametuma shilingi 500 za kushika nafasi. Msusi anafungua kalenda ya simu, anafuta miadi, anaita mtu mwingine. Wiki mbili baadaye simu inalia: mteja anataka pesa yake. Ilitumwa lini? Kutoka nambari gani? Ama alisharudishiwa? Kalenda haina jibu.

Ukifuta, unatupa na maelezo yote. Afadhali ubadilishe kichwa cha miadi kiwe "IMEKANSELIWA", uipake rangi ya kijivu na uzime kikumbusho kisikusumbue. Kwenye sehemu ya maelezo, weka nambari ya muamala kama ilivyo kwenye ujumbe wa malipo, kiasi, na mlichokubaliana: pesa inarudi, ama inangoja siku nyingine? Ikiwa inangoja, fungua miadi mpya na unakili nambari ileile.

Hapo kwenye kurudisha pesa ndipo wengi huumia. Kuna watu wanaobuku kwa ujumbe feki wa malipo, wanakanseli baada ya dakika chache, kisha wanaomba "refandi" itumwe kwa nambari nyingine. Usiangalie ujumbe pekee. Angalia salio na taarifa ya akaunti. Pesa irudi kwa nambari iliyotuma, si ya "binamu yangu". Pia hakikisha mteja hajaomba muamala ubatilishwe, la sivyo utalipa mara mbili. Ukisharudisha, andika nambari ya muamala huo wa pili chini ya ule wa kwanza. Inachukua nusu dakika, hata kama foleni ni ndefu.

Kwa miadi inayojirudia, tuseme tuisheni ya kila Jumanne, kuwa makini zaidi. Kalenda itakuuliza kama unabadilisha tukio hili tu, ama yote. Ukibonyeza yote kwa haraka, umepoteza muhula mzima kwa sababu ya mtoto mmoja mwenye homa.

Na kama umeshafuta? Kwa wanaotumia Google Calendar, ifungue kwenye kompyuta uingie kwenye tupio. Miadi hukaa humo kama siku 30, na unaweza kuirejesha na maelezo yake.