Nipe Mji: Chemsha Bongo ya Familia, Mwambao hadi Suam

Wiki hii tumeweka kando mapishi na malezi ya wachanga ili tuzungumze juu ya mchezo. Si mpira wala karata, bali ni chemsha bongo: mmoja auliza, wenzake wajibu, na mwenye kupata huandikiwa alama. Siku hizi mchezo huu huchezwa kwa simu, na jamaa waliotengana kwa mamia ya kilomita huweza kukutana kana kwamba wamekaa juu ya mkeka mmoja. Wapo wazazi walioupokea kwa furaha, na wapo waliotuuliza kama wafaa kuingia nyumba ya Kiislamu. Sisi twaona wafaa, tena sana, ila una mipaka yake.

Tuwataje jamaa tunaowajua vyema. Bibi yuko Mji wa Kale, Mombasa. Wanawe wengine wako Malindi na Lamu. Binti yake wa mwisho alimfuata mumewe kazini hadi Suam, kituo cha mpakani kilicho kaskazini-magharibi ya Kitale, ukishapita Endebess, chini ya Mlima Elgon. Ng'ambo ya mto ni Bukwo, nchi ya Uganda. Kwa miaka mingi watu wa nyumbani walipoulizwa binti yuko wapi, walijibu, "Yuko bara," kama kwamba bara ni mtaa mmoja. Watoto wake walikuja pwani mara moja kwa mwaka, wakaamkia wakubwa kwa heshima, kisha wakakaa kimya pembeni, kwa kuwa hawakujua la kuzungumza na binamu zao.

Mchezo ulianza kwa wepesi. Kila Ijumaa usiku, baada ya swala ya isha, familia moja huwa na zamu ya kuuliza. Maswali ni kumi. Huandikwa moja moja katika kundi la familia la WhatsApp, na kila swali hupewa dakika moja. Bibi haandiki, kwa hiyo mjukuu humshikia simu naye hujibu kwa sauti. Alama hutiwa katika daftari la shule, na daftari hilo liko Malindi kwa sababu wa Malindi ndio wanaoaminiwa kwa hesabu. Hakuna kiingilio.

Katika zamu yake ya kwanza mama wa Suam aliuliza: ni mnyama gani wa Mlima Elgon aingiaye pangoni usiku kutafuta chumvi? Malindi walijibu popo. Lamu walijibu fisi. Mwanawe wa kiume, mtoto wa miaka tisa, hakuweza kujizuia akapaza sauti nyuma ya mama yake: "Ni tembo!" Bibi alisikia vyema. "Astaghfirullah," akasema, "tembo limefikaje pangoni, na mtoto amelijulia wapi?" Kwake yeye, kama kwa wazee wengi wa mwambao, tembo ni ulevi wa mnazi, na mnyama yule ni ndovu. Ilichukua muda watu kumaliza kucheka. Basi ni ndovu. Ndovu wa Elgon huingia gizani katika Pango la Kitum, wakazikwangua kuta zake kwa pembe na kuyala mawe yenye chumvi. Mtoto wa Suam naye alijifunza jina ambalo hakuwa akilitumia, na asubuhi yake, tuliambiwa, aliwafundisha wenzake shuleni.

Lakini usiku uliobadili mambo ni ule wa zamu ya dada yake. Ana miaka kumi na mmoja, na ndiye yule aliyekuwa akikaa kimya pembeni kuliko wote. Swali lake lilikuwa fupi: maji ya Mto Suam, yanayopita karibu na kwetu, huishia wapi? Wa Lamu walisema Bahari ya Hindi, jibu la watu wa kisiwani. Malindi walisema Ziwa Victoria, na hawakuwa mbali na akili, kwa maana Mto Nzoia wa pande hizo hizo huishia huko. Mjomba mmoja alisema Mto Nile. Dakika ikapita. Bibi akatuma sauti kwa niaba ya pwani nzima: "Mwanangu, tumeshindwa."

Hapo yule msichana akajibu maneno mawili ambayo mama yake alimfundisha wakati wa vitendawili, umeme ulipokuwa umekatika: "Nipe mji."

Waliokulia mwambao wanajua uzito wa neno hili. Anayeshindwa na kitendawili hulipa mji, na mwenye kutega huustarehea mji ule kwa maneno kabla ya kufumbua. Bibi akampa Lamu, hakumpa kijiji. Mtoto akaenda Lamu, akashuka jahazini, akatembea ufukoni, akala halua akashiba, akalala orofani hadi alfajiri, ndipo akafumbua. Mto Suam huteremka kutoka Mlima Elgon, ukawa mpaka wa Kenya na Uganda kwa masafa yake, kisha ukielekea chini hubadili jina ukaitwa Turkwel. Huzuiwa na bwawa katika kaunti ya West Pokot, lenye ukuta wa kimo cha mita 153, linalotoa umeme tangu mwaka 1991. Maji yanayobaki huvuka jangwa na kuingia Ziwa Turkana. Hayafiki baharini kamwe.

Tangu usiku ule Bibi akipiga simu Suam, jambo la kwanza huuliza kama mto umejaa.

Hatuoni kwamba hayo yangetokea kama maswali yangetolewa mtandaoni yakiwa tayari. Neno trivia, ambalo wengine huuitia mchezo huu, lina asili ya Kilatini, na maana yake ni mahali njia tatu zinapokutana, yaani njia panda. Mchezo wa ubaoni uitwao Trivial Pursuit ulibuniwa mjini Montreal, Kanada, mwaka 1979, na Chris Haney na Scott Abbott. Kahoot, ambayo walimu wengi huijua, ilitoka Norwe mwaka 2013. Si vitu vibaya. Ila maswali mengi yaliyo tayari hutungwa na watu wa kwao kwa ajili ya watu wa kwao: wachezaji wa besiboli, marais wa Marekani, waigizaji wa filamu ambazo pengine tusingependa watoto wazione. Mtoto anayejua hayo yote na hajui mbegu ya mahindi ya sima yake hutoka wapi, ana elimu iliyopitia dirishani.

Kwa hiyo familia hii hutunga yake. Suam waliuliza juu ya Kampuni ya Kenya Seed, iliyoanzishwa mwaka 1956 na yenye makao yake Kitale. Waliuliza ngome ambamo Wabukusu walipambana na Waingereza mwaka 1895. Ni Chetambe, karibu na Webuye katika kaunti ya Bungoma. Waliuliza pia juu ya Nabongo Mumia wa Wanga, aliyepokea misafara ya wafanyabiashara wa pwani na mwishowe akasilimu, na hapo Lamu walishangaa kwamba njia ya mababu zao ilifika karibu na huko siku nyingi kabla ya binti yao. Pwani nayo iliuliza nani aliyechora ramani ya Fort Jesus, iliyoanza kujengwa mwaka 1593. Wengi husema Mreno, kumbe ni Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, aliyekuwa akiwatumikia Wareno. Bibi huuliza kuhusu upepo: kaskazi huvuma miezi gani, kusi miezi gani, na chombo cha kutoka Arabuni huja na upi. Hakusoma shule, na katika maswali hayo hajapata kushindwa na yeyote.

Wanaodhani kwamba kuulizana ni upuuzi wa vijana na warejee katika Sahihi ya Bukhari, mlango wa elimu. Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, aliwauliza maswahaba wake juu ya mti usiopukutika majani, unaofanana na Muislamu. Fikira zao zikaenda kwenye miti ya jangwani. Abdullah bin Umar, aliyekuwa kijana mdogo mbele ya wakubwa, moyoni alijua kuwa ni mtende, lakini akaona haya kusema. Alipomweleza baba yake baadaye, Sayyidna Umar alimwambia kwamba angefurahi mno lau angelisema. Sisi husimama hasa kwenye hilo la mwisho. Haya ni pambo, lakini nyumbani kwetu wamo mabinti, na wamo wakaza wana waliokaa miaka barazani bila ya kuulizwa wanajua nini. Katika simu hakuna aketiye mbele wala nyuma. Mkaza mwana mmoja wa Malindi, ambaye mashemeji walimdhania hana neno, ndiye anayeongoza katika daftari mpaka wiki hii.

Sasa mipaka. Kubwa ni pesa. Yapo mashindano ya maswali kwenye simu yanayomtaka mtu alipe shilingi kadhaa kwanza, kisha aulizwe jambo ambalo hata mtoto wa chekechea analijua, na mshindi apatikane kwa bahati. Hiyo si chemsha bongo, ni kamari iliyovishwa kanzu ya elimu. Hata ndani ya ukoo hali ni ile ile: wakisema kila mtu atoe shilingi hamsini na atakayeshinda azoe zote, basi mmoja anakula mali ya wenzake, na Sura ya Al-Maida, aya ya 90 na ya 91, imekwisha kueleza kwamba kamari huleta uadui na kumsahaulisha mtu swala. Zawadi inayotolewa na asiyecheza, bila ya wachezaji kuchanga, ni jambo jingine; na mwenye shaka amuulize shehe wa msikiti wake. Bibi huyu, kwa mfano, alipofunga kucheza kwa sababu ya macho, alituma boksi la halua kwa basi hadi Kitale, likachukuliwa hadi Suam. Hakuna aliyepoteza kitu isipokuwa wale waliokula nyingi.

Google haizuiliki. Dakika moja ni fupi, lakini vidole vya vijana ni vyepesi zaidi, na dawa waliyoipata ni kuuliza yasiyotafutika: jina la chombo cha babu, dawa ya kikohozi ya Bibi, bei ya debe la mahindi Suam wiki hii. Mtandao wa mpakani nao hufanya vitimbi, simu hushika mnara wa ng'ambo na bando likaisha katikati ya swali, basi jibu hungojewa na hakuna ugomvi. Saa nne usiku simu zote huwekwa chini.

Kwa watakaoanza Ijumaa hii, Suam wametuazima maswali mawili. La kwanza: kilele kirefu kuliko vyote cha Mlima Elgon kiko nchi gani? Kiko Uganda, ni Wagagai, mita 4,321. La pili: mnyama gani huingia Pango la Kitum kula chumvi? Jibu mnalo, chagueni tu jina kulingana na aliyepo barazani.