Bunduki mkononi mwa raia: ni korti gani inakuhukumu?

Tuseme mkulima wa kakao anakuta bunduki shambani, wapiganaji wameiacha. Anaipeleka nyumbani, anasema itamsaidia kulinda familia. Wiki moja nyuma, anakamatwa. Huku kwetu Ruwenzori, jambo kama hilo linaweza kumfikia mtu yeyote.

Wengine wanauliza: juu ya nini Marekani raia wanaweka bunduki nyumbani, sisi hapana? Kule, mwaka 2008, Korti Kuu iliamua kwamba ni haki ya raia kwa kujilinda. Katiba yetu ya 2006 haitoi haki hiyo. Sheria ya 1985 inataka ruhusa ya serikali. Tena kifungu cha 190 cha Katiba kinakataza kuunda vikundi vya kijeshi vya watu binafsi na kutunza vijana wenye silaha. Kujiita mzalendo si ruhusa.

Uamuzi uliogeuza mambo kwetu ni wa Mei 2021. Rais Félix Tshisekedi alitangaza utawala wa kijeshi Kivu ya Kaskazini na Ituri, ule tunaita eta de sieji, ukaanza tarehe 6. Korti ya Katiba ikasema tangazo hilo linapatana na Katiba. Basi kesi za jinai za raia nazo zikapelekwa mbele ya waamuzi wa jeshi.

Lakini Katiba inaweka mpaka. Kifungu cha 156 kinakubali korti za jeshi zichukue nafasi ya korti za raia wakati kama huo, ila haki ya kukata rufaa haiwezi kusimamishwa. Shida ni kwamba sheria ya kijeshi ya 2002 inaruhusu pia korti ya operesheni, ambayo uamuzi wake hauna rufaa. Watu wa Beni waliiona mwaka 2014, katika kesi ya kifo cha kanali Mamadou Ndala.

Kwa hiyo, ukikuta bunduki, usiiguse. Julisha shefu wa kijiji, polisi au jeshi. Ndugu yako akikamatwa, hesabu saa: kifungu cha 18 kinasema asishikwe zaidi ya saa 48 bila kupelekwa mbele ya sheria. Mutafutie avoka. Uliza ni korti gani itamuhukumu. Akihukumiwa, kateni rufaa mapema, kwani siku ni chache.